Video za Viwanja vya Dodoma na Mbinu Zake za Ushawishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Video zinazozungumziwa hapa ni zipi?

Zile unazokutana nazo YouTube, TikTok, Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Kijana mwenye maikrofoni amesimama katikati ya vichaka vya miiba, droni inapaa, muziki unapanda, kisha linatajwa jina: Nala, Ihumwa, Kikombo, Iyumbu, Veyula, Msalato. Nyingine hazina hata saiti. Ni mtu ameketi kwenye kochi zuri anaeleza jinsi ardhi inavyowatajirisha wanaochangamkia fursa, na mwisho anaacha namba ya simu.

Majibu haya ni kwa mnunuzi wa kawaida: mwalimu aliyechukua mkopo benki, mama mwenye duka Chang'ombe, mstaafu aliyepokea mafao juzi, Mtanzania aliye ughaibuni anayeangalia video usiku wa manane.

Kwani kushawishi ni utapeli?

Hapana. Muuza nyanya wa soko la Majengo anayepanga nyanya nzuri juu ya fungu naye anashawishi, na hakuna anayemwita tapeli. Kampuni yenye viwanja halali hutumia mbinu zilezile za mtu asiye na hata nusu ekari, kwa sababu mbinu hizo zinafanya kazi. Kwa hiyo kuitambua mbinu hakukuambii ununue au usinunue. Kunakusaidia kujua ni wapi moyo wako umesogezwa na muziki, na ni wapi umesogezwa na taarifa.

Mbona karibu kila wanachosema kuhusu Dodoma ni kweli?

Ni kweli, na hapo ndipo ilipo mbinu kubwa kuliko zote.

Chukua video yoyote ya dakika kumi. Utaambiwa kwamba Rais Magufuli alitangaza mwaka 2016 kuwa serikali inahamia Dodoma, na ikahamia. Kwamba manispaa ilipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018. Kwamba wizara zina majengo yake Mtumba. Kwamba treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024, kwamba Msalato kuna mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa, kwamba barabara ya mzunguko wa nje ina urefu wa kilomita 112.3. Yote sahihi. Ukishaitikia mara sita mfululizo, sentensi ya saba inapita bila kuulizwa kitambulisho: "Na mradi wetu upo hapohapo, viwanja vimepimwa, hati ipo."

Video inakuuzia Dodoma, lakini hela yako inanunua mita za mraba 600. Reli haithibitishi kwamba anayekuuzia ndiye mwenye eneo. Uwanja wa ndege hausemi kama korongo linapita katikati ya kiwanja chako mvua zikianza.

Jaribu hivi. Chukua karatasi, piga mstari katikati, kisha itazame video upya. Kushoto andika kila sentensi inayohusu mji. Kulia andika kila sentensi inayohusu kiwanja chenyewe: namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki aliyesajiliwa, matumizi yaliyopangwa (makazi, biashara, eneo la wazi), nguzo ya umeme ya karibu, maji yanakotoka, barabara ya kuingilia. Mara nyingi kushoto kunajaa hadi nyuma ya karatasi, na kulia kunabaki "pazuri sana" na "karibu sana na lami". Sasa fikiria kwamba upande wa kushoto ungeweza kuandikwa na mtu yeyote anayesoma magazeti, hata asiye na kiwanja cha kuuza.

Upande huo wa kushoto nao una mtego wake, nao ni muda. Uamuzi wa kufanya Dodoma makao makuu ulifanyika mwaka 1973. Aliyepiga hesabu zake 1975 kwa kuamini kwamba mji utajaa mwaka unaofuata hakudanganywa kuhusu mji. Alikosea tarehe, na akasubiri zaidi ya miaka arobaini. Video zinasema "Dodoma inakuja". Kuja kwake Ntyuka, karibu na mjini, na kuja kwake kwenye vichaka vya mpakani na Bahi si jambo la mwaka mmoja.

Wanasema vimebaki viwanja saba tu, na wiki iliyopita pia walisema saba. Inakuwaje?

Inakuwa hivyo kwa sababu uhaba unaongeza thamani machoni hata kama kitu ni kilekile. Mwaka 1975 wanasaikolojia wa Marekani, Worchel na wenzake, waliwapa watu biskuti kutoka kwenye mtungi. Mtungi mmoja ulikuwa na biskuti kumi, mwingine mbili. Biskuti ni zilezile, lakini zile za mtungi wa mbili zilionekana za thamani zaidi. Zilizopendwa kuliko zote ni zile zilizokuwa nyingi kisha zikapunguzwa mbele ya macho yao.

Ndiyo maana kwenye matangazo ya mubashara utasikia, "Huyu wa Mwanza kachukua namba 14, imetoka hiyo!" Unaonyeshwa mtungi ukipungua.

Dawa yake ni nyepesi. Omba ramani ya mradi yenye viwanja vilivyouzwa na visivyouzwa, ipokee, kaa nayo wiki mbili, kisha omba tena. Anayekwambia ramani ni siri ya kampuni amekujibu swali jingine ambalo hukuuliza.

"Bei ilikuwa milioni nane, leo ni milioni nne na nusu." Je, hilo si punguzo?

Huenda. Lakini ile milioni nane aliyewahi kuilipa ni nani? Bei ya kwanza unayoisikia huwa nanga: kila bei inayofuata unaipima kutoka hapo. Tversky na Kahneman walilionyesha hili mwaka 1974 kwa njia ambayo inatuhusu kidogo sisi Waafrika. Walizungusha gurudumu la bahati lililotengenezwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 walikisia 25 kwa wastani, waliopata 65 wakakisia 45. Namba ya gurudumu haikuwa na uhusiano wowote na swali, na bado iliwavuta.

Kwa hiyo zima sauti, sahau nanga, uliza bei ya kitu kinachofanana. Watu watatu wasiohusiana na muuzaji wanatosha: dalali wa mtaa mwingine, jirani aliyenunua karibuni, na mtu anayeuza kiwanja chake mwenyewe eneo hilohilo. Uliza iliyolipwa, si iliyotangazwa.

Kuna ndugu wawili wa mbinu hii. Wa kwanza ni kuivunja bei vipande: "shilingi 7,500 tu kwa mita ya mraba" inasikika kama bei ya mlo wa mchana, kumbe kwa mita za mraba 600 ni milioni nne na nusu. Wa pili ni kipimo chenyewe. Mtu anaposema "20 kwa 20", uliza ni mita au hatua za miguu. Kama hatua ni sentimita 75, basi hatua 20 kwa 20 ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225 na si 400. Karibu nusu ya kiwanja imepotea katika sentensi moja, na hakuna aliyesema uongo.

Wanawaonyesha watu walionunua kwa milioni mbili wakauza kwa kumi. Nao ni waongo?

Si lazima. Wapo walioshinda, na hao ndio wanaoitwa mbele ya kamera. Aliyenunua miaka sita iliyopita na bado anatafuta mteja hapigiwi simu aje kutoa ushuhuda. Ukitaka picha kamili, ungehitaji orodha ya wote walionunua mwaka huo kwenye mradi huo, na hiyo hakuna atakayekupa.

Zipo pia hesabu ndogo za kufanya. "Kimepanda mara mbili kwa miaka mitano" inasikika kama mlipuko, lakini ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Si haba. Ila kabla hujasherehekea, ondoa kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, gharama za hati, dalali wa kuuzia, wakili, kodi ya ongezeko la mtaji pale inapohusika, na vijana uliowalipa kukata miiba. Halafu kumbuka kwamba "kimepanda" mara nyingi maana yake ni kwamba mtu anataja bei hiyo. Kiwanja hakijapanda mpaka mtu mwingine atoe hela.

Mtangazaji ameanza kwa "Mbukwenyi!", amesimama na mwenyekiti wa mtaa, na nyuma yake linaonekana jengo la Bunge. Nimpe uzito gani?

Salamu ya Kigogo ni adabu nzuri na ni njia ya kukufanya uhisi uko na mtu wa nyumbani. Tunawaamini tunaowapenda na wanaofanana nasi. Muuzaji yeyote analijua hilo bila kwenda chuo. Jengo la Bunge nyuma yake ni pazia. Angeweza kusimama hapo akauza mbuzi.

Mwenyekiti wa mtaa ni jambo zito zaidi, kwa hiyo tulitazame vizuri. Anawajua wakazi, anaweza kukuambia kama eneo lina mgogoro, na ushahidi wake una faida. Lakini yeye si msajili wa hati, na muhuri wa mtaa hauwezi kugeuza shamba lenye wadai watatu kuwa kiwanja chako. Kama uko kwenye ardhi ya kijiji, tuseme Chamwino au Bahi, mambo yanafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: kuna halmashauri ya kijiji, kuna mkutano mkuu wa kijiji, kuna muhtasari wa maamuzi. Saini ya mtu mmoja mbele ya kamera si maamuzi ya kijiji.

Viongozi wa dini nao huitwa mara kwa mara kwenye uzinduzi wa miradi. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Waliouendesha walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna. Watu hawakuingia kwa sababu ya hesabu. Waliingia kwa sababu ya nani aliyesema.

Picha za droni zinaweza kudanganya?

Picha yenyewe haidanganyi. Kinachochaguliwa ndicho kinachodanganya.

Kwanza ni msimu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Video nyingi hurekodiwa kiangazi, wakati ardhi ni kavu, anga ni ya bluu na korongo linaonekana kama njia ya kutembea. Nenda Februari. Kama udongo ni mweusi wa mbuga, utaujua kwa viatu vyako: unavimba mvua ikinyesha, unapasuka jua likiwaka, na msingi wa nyumba juu yake unataka hela nyingine kabisa. Hakuna droni inayoonyesha hilo.

Pili ni umbali. Lenzi ya kuvuta mbali hubananisha vitu, hivyo majengo ya Mtumba yanaweza kuonekana yamekaa mgongoni mwa kiwanja kilicho mbali nayo. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za nani, kwa pikipiki au kwa miguu, na kwa njia iliyopo au itakayochongwa? Pale ramani inapowekwa kwenye kioo na mstari mnyoofu kuchorwa kutoka kiwanja hadi stesheni, kumbuka kwamba kunguru tu ndiye anayepita hapo.

Tatu ni kisichoonyeshwa. Maji, kwa mfano. Jiji hutegemea sana visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mtandao wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, haufiki kila kona. Maji ya visima vya kuchimba katika baadhi ya maeneo yana chumvi. Ukimuuliza mtangazaji habari ya maji atakujibu "yanakuja". Muulize mama anayebeba ndoo njiani, utapata jibu la kweli na bei ya ndoo.

Usafiri wa saiti ni bure, na wanatoa soda na chakula. Kuna ubaya?

Nenda, kula, shukuru. Ila jua kinachoendelea. Ukipewa kitu unajisikia una deni, na sisi tumelelewa hivyo tangu utotoni: mgeni halali njaa, na aliyekulisha humgeuzii kisogo. Ndani ya basi mtakuwa wengi. Mmoja akilipia na kupigiwa makofi, wa pili anaanza kuona aibu ya kurudi mikono mitupu. Wakati mwingine yule wa kwanza ni mtu wao, chawa aliyepangwa.

Halafu kuna hatua ndogo ndogo. Kwanza unaombwa jina na namba ya simu tu. Kisha kuja saiti tu. Kisha shilingi 50,000 ya kushikilia nafasi, "inarudishwa". Mwaka 1966 Freedman na Fraser waliwaomba wakazi wa California waweke kibao kikubwa kibaya cha usalama barabarani mbele ya nyumba zao. Walioombwa ghafla, asilimia 17 hivi walikubali. Waliokuwa wamekubali wiki chache kabla kuweka kibao kidogo kuhusu jambo hilohilo, asilimia 76 walikubali. Hiyo 50,000 ndiyo kibao kidogo.

Njia rahisi ya kujilinda ni kwenda saiti bila hela na bila simu yenye salio la kutosha, na kurudi peke yako siku nyingine, bila basi lao, uongee na majirani. Majirani hawana asilimia ya kupokea.

Maoni chini ya video ni mazuri matupu. Si ushahidi?

Kidogo sana. Mwenye akaunti anaweza kufuta maoni asiyoyapenda, na YouTube iliacha kuonyesha hadharani idadi ya waliochukizwa na video tangu Novemba 2021. Unachokiona ni kilichobaki baada ya kufagiwa.

Kwa nini video za viwanja sasa zinanifuata kila mahali?

Ulitazama moja hadi mwisho, mfumo ukakuwekea alama. Hakuna uchawi. Tatizo ni kwamba maneno yakirudiwa yanaanza kuonekana ya kweli. Utafiti wa mwaka 1977 wa Hasher na wenzake ulionyesha hivyo kwa sentensi za kawaida zilizorudiwa kwa wiki kadhaa. Baada ya mwezi wa kuambiwa kwamba ardhi haishuki bei, unajikuta unalisema mwenyewe kwenye kikao cha familia. Ardhi hushuka bei. Hushuka inapogundulika kuwa ni eneo la wazi, hushuka barabara iliyotarajiwa inapopita kwingine, na hushuka mwenye shida anapouza haraka.

Wanasema "hati ipo". Nini zaidi nataka?

Unataka kujua hati ya nini na ya nani, maana sentensi hiyo inaweza kuwa kweli kwa namna tano tofauti.

Inaweza kuwa hati miliki ya kiwanja hichohicho kwa jina la muuzaji. Safi. Inaweza kuwa hati ya shamba zima la ekari hamsini kwa jina la kampuni, na kipande chako hakijatengwa. Siku kampuni ikikwama benki, utajua tofauti. Inaweza kuwa ofa, barua ya toleo, ambayo ina masharti na ada zake na haijafika kwenye hati. Inaweza kuwa hakimiliki ya kimila ya kijijini, halali kabisa mahali pake, lakini yenye taratibu zake za kumpa mtu asiye mwanakijiji. Au inaweza kuwa mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono na kugongwa mihuri minne, ambao watu huuita hati kwa mapenzi tu.

Neno "kimepimwa" nalo lina ngazi. Shamba likikatwa vipande kwa kamba na vigingi vya miti halijapimwa. Upimaji unaotambulika unatanguliwa na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, kisha ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kila kiwanja kinapata namba na kitalu chake. Ukiona bikoni za zege saiti, furahi kiasi. Zege linauzwa dukani.

Jambo moja la Dodoma peke yake: ukionyeshwa karatasi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, angalia tarehe. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Karatasi ya kabla ya hapo inaweza kuwa halali lakini lazima ithibitishwe ofisi ya ardhi ya jiji. Karatasi ya CDA iliyoandikwa 2019 ni kazi ya mtu mwenye printa.

Nithibitishe vipi bila kuzunguka ofisi mwezi mzima?

Omba namba ya kiwanja, kitalu, na nakala ya hati au ofa kabla hujaenda saiti. Kama kina hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utalipa ada na utaelezwa nani amesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Kama hakina hati, peleka namba ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize kama kipo kwenye mchoro, matumizi yake ni yapi, na kama hajapewa mtu mwingine. Nyumba ya familia ikihusika, dai ridhaa ya mwenza wa ndoa kwa maandishi.

Mtu akisema anauza viwanja vya jiji, malipo yake huenda serikalini kwa namba ya malipo ya tarakimu 12, na maombi hupitia TAUSI, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Hayaendi kwenye namba ya simu ya "afisa wetu wa mradi".

Wakili awe wako. Wakili wa bure wa muuzaji ni wakili wa muuzaji.

Kuna wanaosema nisinunue kiwanja, nichangie tu, wao watanunua eneo kubwa au shamba la zabibu, na nitapata asilimia 30 kwa miezi sita.

Hapo umetoka kwenye ardhi. Unampa mtu hela akuwekezee, na anayekusanya hela za umma kwa namna hiyo anapaswa kuwa na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, unaonyesha kwamba kampuni ipo. Hauonyeshi kwamba inaruhusiwa kukusanya uwekezaji.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hilo ni kweli, na video zitakuonyesha vichala vya Hombolo au Mpunguzi vinavyong'aa. Muulize mkulima yeyote wa huko habari za soko msimu mavuno yanapokuwa mengi na wanunuzi wachache. Mkulima mwenyewe hajui atapata ngapi, sasa aliyekaa ofisini ameijuaje hiyo asilimia 30? Maneno "faida ya uhakika" pekee yanatosha kufunga video.

Niko nje ya nchi. Kuna mbinu zinazonilenga mimi?

Nyingi, na zinagusa pabaya: "Utarudi uzeeni ukapange?" "Watoto wako wanapajua kwao?" Ni huzuni ya kweli inayogeuzwa kuwa haraka ya kulipa. Huzuni hiyo haina tarehe ya mwisho. Ofa yao ndiyo inayo.

Kama bado ni raia, una haki kama sisi. Kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, masharti ya umiliki ni tofauti, kwa hiyo ulizia ofisi ya ardhi kabla ya kutuma chochote. Na simu ya video kutoka saiti haitoshi, kwa sababu huwezi kujua umeonyeshwa kiwanja kipi. Mtume ndugu unayemwamini akiwa na namba ya kiwanja mkononi na mpima wa kwake.

Baba mkwe ananitumia video hizi kila siku na ameshaanza kuongelea mafao yake. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Usimwambie anatapeliwa. Ukisema hivyo umemwambia kwamba ameshindwa kuona ulichokiona wewe mtoto, na atalipa ili akuonyeshe.

Mpe kazi ya mzee. Kitu kama hiki: "Shikamoo baba. Ile video ya Nala nimeiona, eneo linapendeza. Naomba unisaidie kuwauliza namba ya kiwanja na kitalu, pamoja na jina lililo kwenye hati, nipitie ardhi nikuangalizie kabla hatujaenda." Sasa yeye ndiye anayewahoji. Wakimpa namba, mnathibitisha pamoja. Wakimzungusha, atakasirika mwenyewe, na hasira ya mzee aliyezungushwa ina nguvu kuliko ushauri wako wote. Mama mkwe naye ashirikishwe mapema. Mara nyingi ndiye aliyekwisha kushtuka zamani na hana wa kumwambia.

Nimeshalipa sehemu, na sasa nina wasiwasi. Niendelee ili nisipoteze nilichotoa?

Hapana. Ulichotoa kimeshatoka, na awamu inayofuata haikirudishi. Simamisha malipo mpaka uthibitishe kiwanja. Hifadhi stakabadhi, jumbe, namba za simu, na video yenyewe kabla haijafutwa. Kama ulituma kwa simu dakika chache zilizopita, piga mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe. Namba za kitapeli zitume 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na fungua taarifa polisi. Kama ni mgogoro wa umiliki, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu.

Mimi nauza kiwanja changu mwenyewe. Nitengenezeje video bila kufanana na hao?

Rekodi kwa simu, bila muziki, ukitembea mpaka hadi mpaka. Taja ukubwa kwa mita, bei moja, na sababu ya kuuza kama haikuumizi. Onyesha korongo kama lipo. Sema nguzo ya umeme ya mwisho iko wapi na maji ya karibu ni yapi. Waambie wanunuzi namba ya kiwanja na kitalu wakathibitishe, lakini usiweke hati nzima mbele ya kamera: namba ya hati, saini na picha yako zinatosha kwa mtu mwingine kutengeneza nakala na kuuza kiwanja chako kwenye video yake.